Kaburi la Kwa Mnyamwezi

Baba yangu alikaa miaka hamsini bila kwenda kulitazama kaburi la baba yake. Halafu mwezi wa saba mwaka huu, akiwa na miaka themanini na mbili na miguu iliyovimba, akaamua kwamba hawezi kufa mpaka alione. Hakuamua mwaka juzi nilipokuwa likizo. Hakuamua miaka ile alipokuwa na baiskeli na nguvu za kuwakimbiza vibaka. Aliamua wiki ambayo ofisini kwetu tulikuwa tunapokea wageni kutoka mkoani, na mimi ndiye niliyepangiwa kuwapokea.

Ningeweza kumwambia asubiri. Lakini daktari alikwisha kuniita pembeni, akaniambia moyo wa mzee umechoka na kama kuna watu anataka kuwaona, waje. Baba hakutaka kuona mtu. Alitaka kaburi.

Na si kwamba ni mbali. Kutoka kwetu Kongowe, hii Kongowe ya Kibaha, mpaka huko Kisarawe alikozikwa babu ni safari ya asubuhi moja. Unafika Mlandizi, unaiacha lami, unashika barabara ya Mzenga, na kama mvua haijanyesha, saa moja na nusu umefika. Baba alifanya kazi kwenye mitambo ya maji Ruvu miaka thelathini na moja, kila siku akipita Mlandizi pale kwenye njia panda, na hakukata kona hata mara moja. Ukimuuliza, anasema, "Tutakwenda." Hiyo "tutakwenda" naisikia tangu niko darasa la pili.

Kuhusu babu mwenyewe tulikuwa tunajua machache, na hayo tuliyapata kwa bibi. Jina lake Maganga, Mnyamwezi wa Urambo. Miaka ya thelathini aliletwa pwani kama manamba kukata mkonge. Mkataba ulipokwisha wenzake wakapanda treni wakarudi kwao, yeye akavuka upande wa Kisarawe na jembe lake, akawaomba Wazaramo mahali pa kulima. Wakampa pori. Akalifyeka, akalima viazi, karanga na mtama kwa matuta marefu ya kwao Unyamwezi, akamwoa bibi, wakapata watoto watano, akafa mwaka sitini na tisa. Mwaka sabini na nne, watu walipohamishiwa kwenye vijiji, bibi na wanawe wakapakiwa kwenye lori pamoja na vyungu na kuku, wakashushwa Mlandizi. Babu akabaki ardhini kule. Baba, ambaye ndiye aliyeyaona yote haya kwa macho yake, hakuwahi kutusimulia neno.

Mdogo wangu Stellamaris, anayekaa Dodoma, aliposikia baba anataka kuliona kaburi alifungua kundi la WhatsApp siku hiyohiyo. KUMBUKUMBU YA BABU MAGANGA. Kufikia Ijumaa alikuwa amepanga misa, amechagua rangi ya fulana na ameagiza jiwe la marumaru lenye jina la babu na tarehe ya kuzaliwa, tarehe moja Januari elfu moja mia tisa na kumi. Nikampigia. "Tarehe hiyo umeitoa wapi?"

"Dada Justa, fundi alitaka tarehe. Ningemwambia nini?"

"Na jiwe tutaliweka wapi, wakati kaburi lenyewe hatulijui?"

"Si ndiyo kazi yako wewe? Wewe ndiye uliye karibu."

Tangu nizaliwe mimi ndiye niliye karibu. Mama alipougua nilikuwa karibu. Bati la nyumba ya baba lilipoezuliwa na upepo nilikuwa karibu. Ningekuwa na akili ningehamia Bukoba.

Basi Jumamosi nikamwomba jirani yetu Hemedi atupeleke na Noah yake. Tukamketisha baba nyuma, mkongojo wake pembeni, mto chini ya miguu. Njiani nikamuuliza kwa mara ya kumi, "Baba, tukifika tunamuuliza nani?"

"Yupo Seifu. Baba yake, Mzee Maneno, ndiye aliyemchimbia baba kaburi. Mimi nimepasahau, na pori sasa litakuwa limebadilika. Kama Seifu naye amekufa, basi tena."

"Na kama yupo?"

Akageuza uso dirishani.

Tulipoiacha Mzenga na kuingia njia ya mchanga, tukawakuta vijana wa bodaboda wamekaa kijiweni. Nikawauliza palipokuwa shamba la Mzee Maganga. Wakatazamana. Maganga hawamjui. Nikaeleza kwa marefu na mapana, mkonge, manamba, matuta, nikaona wananionea huruma. Ndipo baba kutoka nyuma akasema kwa sauti ndogo, "Waulize Kwa Mnyamwezi."

"Aaah, Kwa Mnyamwezi!" wakaitikia wote. "Nyoosha tu mama, ukiukuta mkorosho mkubwa kata kushoto."

"Kuna Mnyamwezi anakaa huko?"

"Hakuna. Panaitwa hivyo tu."

Nikamgeukia baba. Muda wote huo jina alikuwa nalo mdomoni na ananiacha nitoke jasho mbele ya vijana. Hemedi akawasha gari haraka kabla sijafungua kinywa.

Mzee Seifu alikuwa hai. Tulimkuta mbele ya nyumba yake ya udongo anamenya mihogo, mwembamba, kanzu kuukuu, kofia ya kiua imefifia, macho makali. Nikashuka, nikapiga goti kidogo kama nilivyofundishwa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba binti. Karibuni." Akanyoosha shingo akachungulia ndani ya gari. Alimtazama baba kitambo. Baba akainamisha kichwa. "Naona mmekuja na mzigo."

"Hapana mzee, huyo ni baba yangu, Telesphory. Miguu inamsumbua."

"Mnyamwezi miguu inamsumbua? Sasa mizigo ya watu atabeba nani?"

Nikacheka kidogo, kwa adabu. Utani naujua, nani asiyeujua? Mnyamwezi na Mzaramo ni watani tangu enzi za misafara ya wapagazi. Pale ofisini kuna Mzaramo mmoja kila nikichelewa ananiuliza kama nimetoka Tabora kwa miguu. Lakini huo ni wa kwenye chai. Hapa nilikuja kwa jambo la marehemu, mgonjwa yuko garini, na jua linapanda. Nikaona nimwoneshe mzee kwamba sisi ni watu wenye heshima zetu.

"Mzee wangu, tumekuja kuulizia kaburi la marehemu Mzee Maganga. Tumeambiwa wewe peke yako ndiye unayelijua."

"Maganga? Yule mtumwa wetu? Babu yangu alimpata kwa debe la mtama. Akatushinda kwa kula, tukataka kumrudisha, aliyetuuzia akakataa kumpokea."

"Sawa mzee," nikasema.

Akanitazama kama anayesubiri kitu. Kisha akafuta kisu, akainuka. "Haya, twende."

Baba akabaki garini, mlango wazi. Mimi na Hemedi tukamfuata mzee. Akatupitisha kwenye mihogo, akatuteremsha bondeni, akatupandisha kichaka cha miiba kilichonichania sketi, akasimama kwenye shimo lililofukiwa nusu na majani. "Hapa," akasema, akavua kofia.

Nikafanya ishara ya msalaba. Nikapiga picha nikatuma kwenye kundi, na kabla sijairudisha simu mfukoni Stellamaris alikwisha kujibu na vikatuni sita vinavyolia. *Pumzika babu yetu.* Shangazi wa Morogoro naye akaandika amina.

Mzee Seifu akaivaa kofia yake. "Hapana, ngoja. Hiki ni choo. Choo cha zamani cha baba. Nimechanganya."

Hemedi akageukia upande wa pili, mabega yanamtikisika. Mimi sikucheka. Nikatazama simu: picha imekwisha kusambazwa kwenye kundi la ukoo wa upande wa bibi. Nikasema, "Sawa mzee, hakuna shida. Tuendelee."

Tukaendelea. Akatupeleka kwenye kichuguu kikubwa kunizidi, akaniambia babu yumo humo, mchwa wamemjengea ghorofa maana enzi zake hakujenga. Nikasema, "Sawa mzee." Akaniambia babu alikuwa akila panya. Nikasema, "Sawa mzee." Akaniuliza kama mimi nimeolewa au wanaume wameogopa kwamba nitawaletea viazi vikavu mezani kila siku. Nikasema nimeolewa, ahsante, mzee. Kila nikijibu hivyo alikuwa anaonekana kunyong'onyea kidogo, na mimi nikadhani ni uzee.

Saa mbili zikapita. Kiatu kimoja kikakatika ukanda. Mwishowe akatutoa kwenye uwanda wa nyasi ambao ardhi yake ilikuwa inapanda na kushuka, matuta marefu yaliyopangana, yamechakaa lakini yapo. Nikayajua. Haya ndiyo aliyokuwa akiyasimulia bibi. Babu aliyainua kwa mikono yake, na miaka hamsini ya mvua haikuyamaliza. Nikataka nisimame pale kidogo nimfikirie yule mtu, kijana wa Urambo asiyejua hata salamu za watu wa hapa, anayeinua udongo wa kichanga kwa namna ya kwao kwa sababu ndiyo pekee aliyoijua.

"Babu yako alilima makaburi," akasema Mzee Seifu nyuma yangu. "Yako kama mia hivi. Na yeye yumo kwenye mojawapo. Chagua unalolipenda, mlitie saruji mwende zenu."

Ndipo nilipopasuka.

"Mzee, wewe ni mtu mzima hovyo!" Nilisikia sauti yangu ikienda mpaka bondeni ikarudi. "Hovyo kabisa! Baba yangu anakufa mle garini, anakufa, umenisikia? Na wewe unatuzungusha vyooni na kwenye vichuguu kama mbuzi wa mnadani! Kama hukijui ulichoulizwa si useme? Umekula chumvi yote hiyo hata akili haikukolea! Mvi za bure, kofia ya bure, kanzu ya bure!"

Hemedi alikuwa amejishika kichwa. Nilijua nimeharibu. Mtu mmoja tu duniani anayejua alipolala babu, na mimi nimemtukana shambani kwake, Mwislamu mwenye umri wa baba yangu. Nitamwambia nini baba?

Mzee Seifu alikaa kwenye tuta. Akacheka. Akacheka mpaka akakohoa, akajipigapiga kifua, machozi yakamtoka.

"Alhamdulillahi," akasema alipopata pumzi. "Nyumba ya Maganga bado ina mdomo! Saa mbili nakuchokonoa, wewe 'sawa mzee, sawa mzee,' kama karani. Nikasema huyu si mtu wa Maganga, huyu labda dalali wa viwanja amekuja na kizee cha kukodi. Maana wamekuja wengi wa hivyo, wote wana adabu. Au kama ni wa Maganga kweli, basi hawautaki tena utani wangu. Na mtu asiyetaka utani na mimi nitampaje kaburi?"

"Lakini si umemwona baba? Si unamjua?"

"Namjua," akasema. Kicheko kikamwisha. "Nimemwona alivyoinamisha kichwa. Twende."

Naomba mnielewe hasira niliyoipata baadaye. Kaburi lilikuwa nyuma ya nyumba yake. Kutoka pale Hemedi alipoegesha gari ni hatua thelathini. Lilikuwa limezungushiwa mawe, limefagiliwa siku hiyohiyo, mistari ya ufagio inaonekana mchangani. Pembeni yake kulikuwa na kaburi la pili la namna hiyohiyo, na katikati ya hayo mawili nafasi ya mtu mmoja.

"Kaburi lake la kwanza lilikuwa kule shambani, peke yake," akasema Mzee Seifu. "Lori lilipomchukua bibi yako na wanawe, baba akasema mtumwa wetu hawezi kuachiwa fisi. Tukamhamishia hapa mimi na yeye. Huyu wa pili ndiye baba yangu."

Tukamshusha baba. Hemedi akamshika kwapa moja, mimi jingine, akafika. Alisimama mbele ya kaburi la baba yake. Nilitegemea alie. Hakulia. Alikuwa hatazami kaburi la babu. Alikuwa anatazama la Mzee Maneno.

Mzee Seifu akazungumza na mimi, si na yeye. "Binti, baba alikufa mwaka themanini na moja, mwezi wa nne, mvua tupu. Kwetu jembe la kwanza la kaburi anapiga mtani. Babako anajua. Nikatuma mtu kwa baiskeli mpaka Mlandizi. Tukamwosha maiti, tukamvika sanda, tukakaa. Watu wakaniambia Seifu, zika, nikasema mtani anakuja, yuko njiani, ni matope tu. Jua likafika magharibi. Mwisho nikashika jembe nikamchimbia baba yangu kwa mkono wangu. Mimi, mtoto wake wa kumzaa."

Nikamgeukia baba. "Huyo mtu wa baiskeli alifika kwako?"

"Alifika."

"Na wewe?"

"Nilikuwa zamu."

"Zamu ni siku moja, baba! Na miaka mingine yote?"

Akanitazama kama mtoto aliyevunja kitu. "Niliona haya, Justa. Kila nikisema niende, nazidi kuona haya. Mwaka wa kwanza ilikuwa ndogo. Ikakua."

Nilitaka kumpigia kelele. Maisha yangu yote nilidhani baba hajali. Tulikua bila shamba la kwenda wakati wa sikukuu, bila babu wa kumtaja, kwa sababu mtu mzima aliona haya kukata kona moja Mlandizi. Nilikuwa na hasira naye kweli, na nilikuwa nimemshika kwapa, nasikia mbavu zake zote.

Akajitoa mikononi mwetu, akaegemea mkongojo wake. "Seifu," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwa yule mtu tangu tufike. "Nimekuja kukuomba mahali. Nataka kulala hapa."

Makaburi ya parokia yako dakika kumi kutoka nyumbani, nafasi yake ilikwisha kutengwa, kanisa linajua, kundi linajua. Hatukuja kumtafuta babu peke yake. Mzee alikuwa anatafuta pa kuzikwa na hakuniambia, na njia ile ya mchanga ndiyo ninayopaswa kumpitisha siku hiyo, pengine mvua, pengine mwezi ujao.

Mzee Seifu akavua viatu. Akaingia kwenye ile nafasi ya katikati, akajilaza chali juu ya mchanga uliofagiliwa, akakunja mikono kifuani, akafumba macho.

"Pamejaa," akasema. "Mpelekeni kwao Urambo."

Baba akatoa sauti ambayo sijaisikia tangu mama afe. Alikuwa anacheka. "Justa," akasema, "mtoe huyo Mzaramo kitandani kwangu."

Nikapiga magoti kando yake. "Mzee, toka."

"Sitoki." Macho bado kayafumba, lakini mdomo haukuwa na mzaha. "Sitoki mpaka niambiwe nani atanichimbia mimi. Wanangu wako mjini. Baba yako hata mkongojo unamshinda. Mara ya kwanza nilisubiri mpaka jua likazama."

Hemedi alikuwa anatazama ardhi.

"Mimi," nikasema.

Akafungua jicho moja. "Mwanamke? Na kucha hizo?"

"Na kucha hizihizi. Jembe la kwanza nitapiga mimi, kwa jina la Maganga, na atakayekataa atazikwa na wewe." Sauti ilikuwa inanikatika, nikailazimisha. "Na nitalichimba fupi, miguu yako ibaki nje, maana Mzaramo akisikia ngoma hata akiwa maiti hatulii. Piga simu Kongowe saa yoyote. Sina zamu."

Baba alisikia hilo la zamu, akaliacha lipite.

Mzee Seifu akalala pale kidogo zaidi, anatazama mbingu. Kisha akaniambia mdomo wangu ni mchafu kuliko wa babu yangu, kwamba nafasi ipo, akanyoosha mkono nimwinue. Nikakaza miguu nivute mtu mzima, nikakaribia kuanguka nyuma. Alikuwa mwepesi kuliko baba.